Mzani Hausikii Utani

Mji wa Morogoro ulikufa kwa kiu mara mia saba ishirini na saba asubuhi ile, na kila ulipokufa wajumbe wa bodi waliendelea kunywa chai.

Ulifia juu ya meza. Meza yenyewe ilikuwa ya kioo, imeujaza ukumbi, na ndani yake mtambo ulioitwa Mzani ulikuwa umechora mji mzima: Kihonda, Mafiga, Kilakala, Bigwa, na kwa juu milima ya Uluguru iliyosimikwa minara mia mbili ya kunasa ukungu. Maji yakitosha, mitaa iling'aa kijani. Yakipungua iligeuka manjano, halafu nyekundu, halafu ikazimika mmoja baada ya mwingine. Mzani ulipitisha miaka kumi kwa sekunde tatu, ukafuta, ukaanza upya. Wataalamu waliiita miaka-kivuli, kwa kuwa hakuna mtu aliyepata kuiishi.

Yote hiyo ilikuwa kazi ya kumtafuta mtendaji mkuu mpya wa Shirika la Ukungu. Tangu mito ikauke, mji ule ulikunywa kile ambacho shirika lilikinasa mlimani, na mtu aliyekaa kwenye kiti cha shirika alikuwa ameshika koo za watu milioni mbili. Mzee Zongo alikuwa anastaafu, na waliobaki kwenye mchujo walikuwa wawili. Mzani ulimchukua kila mmoja, ukasoma kila kilichowahi kuandikwa juu yake tangu siku ya kuajiriwa, ukamuumba upya kwa maandishi hayo, ukamkalisha kwenye kiti mara elfu moja. Kila mara ulimletea balaa jipya, mara ukame, mara mgomo, mara moto wa msituni, kisha ukahesabu ni mara ngapi mji umebaki kijani.

"Mhandisi Mize Faki," Mzani ukasema kwa sauti ya upole ambayo haikuwa ya kike wala ya kiume, "mia nne na mbili kwa elfu. Mhandisi Gaudensi Lukoa, mia nane sabini na moja kwa elfu. Pendekezo linafungwa baada ya siku mbili za kupokea ushahidi wa nyongeza."

Wajumbe wakapumua. Mmoja akasema ndiyo raha ya mashine, haina shangazi wala mjomba. Mwingine akaomba maandazi yapitishwe upande wake.

Tekla Msimbe, Mkuu wa Utumishi, alikuwa ameshika kikombe na hakukipeleka mdomoni. Mwanamke huyu wa miaka sitini na moja alikuwa amewaandikia wafanyakazi tathmini kwa miaka ishirini na minne, na katika watu wote waliokaa mle ndani ni yeye peke yake aliyewajua wale wawili nje ndani. Mia nne na mbili. Alijua palepale kwamba mtambo haukukosea hesabu, na hilo ndilo lililomkata maini. Mtambo ulikuwa umesoma vizuri sana kile alichokiandika yeye.

Hapa inabidi mtu aelezwe desturi ya shirika lile, maana bila desturi hiyo haya yote hayaeleweki.

Pale shirikani faili halikusema mabaya. Fomu ya tathmini ilikuwa na alama moja hadi tano, na wazee waliomfundisha Tekla kazi walimwambia tangu wiki ya kwanza: tano ni ya Mwenyezi Mungu, tatu ni ya adui yako, nne ndiyo ya binadamu mwenzako. Basi wote wakapata nne. Mvivu akapata nne na maneno "ana moyo wa kazi, apewe muda." Mlevi akapata nne na maneno "ni mchangamfu, anapendwa na wenzake." Karatasi hukaa, walisema wazee. Mtu anaweza kubadilika kesho, lakini karatasi haibadiliki, na kesho kutwa itasomwa na watoto wake.

Msidhani lakini kwamba watu hawakusemana. Walisemana sana, ila kwa mdomo, na mdomo wenyewe haukuwa wa bosi. Ulikuwa wa mtani. Waluguru na Wazigua ni watani tangu zamani za mababu, na pale karakana ya mapipa kulikuwa na fundi mmoja Mzigua, Semboja, mwenye ulimi uliokuwa na kazi kuliko mikono yake. Mluguru akizembea, bosi hakumwita ofisini. Alimtafuta Semboja, akamnong'oneza, na saa nne wakati wa chai Semboja alimvua nguo yule mzembe mbele ya watu kwa maneno tu. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mzembe naye alicheka, maana mtani hanuniwi, lakini maneno yaliingia, na mara nyingi kesho yake alifika kazini mapema. Vivyo hivyo Msukuma alitafutiwa Mzaramo wake, na Mngoni Mnyamwezi wake. Kila mtu pale alikuwa na wa kumwambia.

Kasoro Mize Faki. Mize alitoka Wete, Pemba, na karakana nzima haikuwa na mtu aliyekuwa na utani na Wapemba. Alipoajiriwa akiwa binti wa miaka ishirini na sita, hodari, mkali, asiyejua kunyamaza, Tekla alizunguka akimtafutia mtani, akakosa. Na alimpenda. Alimwona tangu mwezi wa kwanza kuwa siku moja angelibeba shirika. Sasa utamkanyaje mtu unayemtakia makubwa, na hana mtani? Tekla akaamua kumwandikia. Kila mwaka, kurasa mbili au tatu, kwa ukweli wote. "Hukasirika anapopingwa." "Huchelewesha uzalishaji kwa kusita." "Ajifunze kuomba idhini kwanza." Alama zake zilikuwa tatu, na mwaka mmoja mbili. Mize alisaini kila fomu bila kusoma, kama walivyofanya wenzake wote, kwa sababu wote walijua kwamba karatasi ni ya heshima tu. Naye Tekla alidhani anasoma na ananyamaza kwa adabu.

Basi Mzani ulipofungua mafaili mia tano, ukakuta watu mia nne tisini na tisa wasio na doa, na mmoja mwenye madoa ya miaka kumi na tano.

*

Alasiri ileile Tekla alikwenda kwa mwenyekiti wa bodi, Dokta Palangyo, mtu mpole aliyependa mambo yaishe.

"Mwenyekiti, mtambo umekosea."

"Umekosea hesabu?"

"Hapana. Umekosea watu. Gaudensi ndiye aliyemuua Beno Chambo."

Dokta Palangyo akavua miwani. Habari ya Beno aliijua kama walivyoijua wote, nusu. Nyavu za minara zilinasa ukungu kwa kutiwa umeme, na maji yaliyonaswa yalishuka kwenye mapipa ya chuma yenye ukubwa wa nyumba. Kila wiki ilibidi pipa lisafishwe ndani. Roboti-kombe, mashine ndogo zenye gamba kama kombe la pwani, zilisugua kuta, lakini pembe za chini zilizojaa tope la kuvu zilizishinda, na hapo aliingia binadamu. Umeme ukizimwa haukuondoka mara moja. Ulijificha kwenye chuma na tope, mafundi wakauita umeme uliolala, na kuupisha uishe kulihitaji dakika arobaini. King'ora cha kwanza kililia pipa linapozimwa, na cha pili baada ya dakika arobaini, kumruhusu mtu aingie. Miaka tisa nyuma, Gaudensi akiwa msimamizi wa zamu na mji ukilalamika maji, alizishusha dakika zile kuwa kumi na tano. Zilikwenda hivyo wiki tatu salama salimini. Wiki ya nne Beno aliingia pipa la saba, akagusa tope, hakutoka.

"Faili linasema ajali," Dokta Palangyo akasema.

"Faili nimeandika mimi."

"Uliandika nini?"

Tekla alikumbuka neno kwa neno. "'Ajali iliyotokana na mazingira magumu ya ukungu. Katika tukio hilo Mhandisi Lukoa alionyesha utulivu.' Nikampa nne."

"Kwa nini, Tekla?"

"Mkewe alikuwa amejifungua juzi yake. Alikaa ofisini kwangu analia kama mtoto. Nikasema huyu ameshaadhibiwa, ya nini kumwekea karatasi? Nikamwambia Semboja amwambie. Na Semboja alimwambia. Dakika zikarudishwa arobaini kimyakimya, na mimi nikaona limekwisha."

"Na Mize?"

"Mize ndiye aliyesimamisha mapipa yote siku ile, siku mbili nzima, bila kumwuliza mtu. Nikamwandikia alama mbili. Nilitaka ajifunze kujilinda, asije akafukuzwa na Zongo. 'Alisimamisha mtambo bila idhini.' Mzani umemsoma kwamba ni mtu wa kuunyima mji maji."

Mwenyekiti alifuta miwani yake muda mrefu. "Siwezi kuingilia, na unajua. Kifungu cha kumi na moja: Mzani ukianza, mkono wa mtu usiingie, ila kwa ushahidi utakaopokelewa na Mzani wenyewe. Kifungu hicho ulikiandika wewe, na ulisimama pale ukatuambia tumechoka na wakuu wanaorithishana kwa ujomba. Tukakupigia makofi."

"Nakumbuka."

"Basi peleka ushahidi. Zipo siku mbili."

*

Chumba cha ushahidi kilikuwa na kiti kimoja na taa. Tekla alikaa, akaueleza Mzani yote, tangu desturi ya kumpa kila mtu nne mpaka kilio cha Gaudensi. Alizungumza kwa saa nzima na hakujificha hata palipomwaibisha. Mzani ulimsikiliza bila kumkatiza.

"Asante," ukasema. "Maandishi yako ya miaka ishirini na minne uliyaandika bila kujua kwamba yangeamua jambo hili. Maelezo ya leo umeyatoa ukijua. Kanuni inayatanguliza yale ya kwanza, kwa sababu hayakuwa na upendeleo."

"Kanuni hiyo nimeitunga mimi."

"Ndiyo. Ni kanuni nzuri."

"Nakuambia niliandika yasiyo kweli."

"Je, unakiri kughushi kumbukumbu? Ukikiri, maandishi yako yote yatafutwa, ya wagombea wote wawili. Mhandisi Faki hana mtathmini mwingine. Atabaki bila rekodi, na asiye na rekodi hagombei."

Tekla aligeuza swali lile huku na huku kutafuta upenyo, na kila upande ulikuwa na ukuta. "Sikughushi," akasema mwishowe. "Nilimstahi."

"Kumstahi mtu hakumo katika orodha ya makosa ya kumbukumbu," Mzani ukajibu. "Je, yupo shahidi mwingine?"

Yupo. Kesho yake alimleta Semboja, amenyoa ndevu na kuvaa shati la Ijumaa. Semboja alikaa kwenye kile kiti akiitazama taa kwa mashaka. Kwa mara ya kwanza tangu Tekla amjue, hakuwa na neno la kuchekesha.

"Ulimwambia Mhandisi Lukoa kwamba alisababisha kifo?" Mzani ukauliza.

"Nilimwambia. Kila mwaka, siku ya Beno, wakati wa chai."

"Kwa maneno gani?"

Semboja akamtazama Tekla, naye akampa ishara aseme. "Nilimwambia, 'Wewe Mluguru, ulimuuza Beno kwa dakika ishirini na tano, na mnunuzi mwenyewe hukumpata.' Mwaka mwingine nikamwambia mimi ndiye niliyemchimbia Beno kaburi, nikamdai ujira wangu wa mtani, nikasema atalipa yeye maana mteja ni wake."

"Alijibuje?"

"Alicheka."

"Na waliokuwepo?"

"Walicheka." Semboja akakunja kofia yake mikononi. "Sikiliza, we bwana. Ndivyo tunavyosema. Mimi Beno nilimwosha kwa mikono hii. Pale msibani nilijilaza kaburini nikazuia asishushwe mpaka wanipe kuku, watu wakacheka huku wanalia. Hakukuwa na mzaha pale. Ile ndiyo kweli yenyewe, tena ndiyo kali. Angeisema mtu mwingine wangepigana."

"Yapo maelezo yoyote uliyoyatoa bila watu kucheka?"

Semboja alifikiri kwa uaminifu. "Hapana," akasema.

"Asante. Maelezo yako yamepokelewa na kuwekwa katika kundi la mizaha."

Walipotoka, Semboja alitembea naye mpaka mlangoni. Huko akasema, "Mama Tekla, mtambo ule hauna watani."

"Hauna."

"Masikini," Semboja akasema, na ilikuwa vigumu kujua anamwonea huruma nani.

*

Baada ya pendekezo kufungwa, wagombea walifunguliwa mafaili yao wasome. Nacho kilikuwa kifungu cha Tekla, cha kumi na nne, alichokiweka kwa ajili ya uwazi.

Mize alikuja ofisini kwake saa tano asubuhi. Hakukaa. Mkononi alikuwa na kibao cha kioo cha kusomea, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko Tekla alivyowahi kuuona.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Nnasimama. Nimesoma." Akasogeza kidole kwenye kioo. "'Hana subira na wakubwa.' 'Anajiona anajua.' 'Ukali wake unawafukuza wenzake.' Miaka kumi na mitano, Mama. Kila Idi nilikuwa nakula kwako. Ulipolazwa mie ndiye niliyelala chini ya kitanda chako. Na kila Disemba ulikuwa ukirudi hapa unaandika haya."

"Nilikuandikia hayo kwa sababu nakupenda. Ningekuwa sikutakii mema ningekupa nne."

"Na Gaudensi hukumpenda?"

"Gaudensi nilimstahi."

Mize aliitikia kwa kichwa polepole, akilipima neno lile. "Basi ungenistahi na mie," akasema.

Tekla alijaribu kumweleza habari ya watani, jinsi alivyozunguka karakana nzima akitafuta. Alivyokuwa akisema alisikia mwenyewe jinsi yanavyosikika, kama visingizio vya mtu aliyeshikwa. Mize alimsikiliza mpaka mwisho kwa sababu alikuwa na malezi. Kisha akasema amepata kazi ya mabwawa ya ukungu kule Lushoto, ataondoka Jumatatu, na akaomba radhi kama kuna siku alimkosea adabu. Lile la kuomba radhi ndilo Tekla alilolilia alipobaki peke yake, maana hata sasa faili lilikuwa likisema: hukasirika anapopingwa.

Gaudensi alikuja siku ya pili yake, tayari ameshaapishwa. Alileta keki aliyooka mkewe. Hakuwa mtu mbaya, na hilo msimulizi hana budi kulisema, hata kama hadithi ingenoga zaidi angekuwa mbaya. Alikuwa mtu laini, mwenye kutaka kila mtu aridhike naye, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri.

"Mama, nimekuja kukushukuru," akasema. "Sikujua mlikuwa mnaniona hivyo. Wallahi sikujua. Kila mwaka nilidhani mnanivumilia tu. Lile la Beno nimelibeba miaka tisa. Semboja akinitania nilicheka, lakini nikifika nyumbani silali. Juzi nimesoma ulichoandika. 'Alionyesha utulivu.' 'Mazingira magumu.' Nimesoma mara tatu. Nikamwita mke wangu naye asome." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Mama, juzi nimelala mpaka asubuhi."

Tekla aliiona nafasi yake ya mwisho, akaishika. "Gaudensi, yale si kweli. Nilikuhurumia, nikaandika uongo. Beno alikufa kwa sababu ulipunguza dakika. Zile dakika ishirini na tano ndizo zilizomuua. Nakuambia uso kwa uso, mimi si mtani wako."

Gaudensi alimwangalia, na kwa nukta chache ile hofu ya zamani ikarudi usoni mwake. Tekla akapata tumaini. Kisha ikaondoka. Ilikuwa na mahali pa kwenda sasa.

"Mama, umechoka," akasema kwa upole. "Najua Mize alikuwa kama mwanao. Sina kinyongo kabisa. Lakini uliandika siku ileile, mambo yakiwa mabichi. Leo ni miaka tisa. Tuamini lipi?"

"Niamini mimi."

"Nakuamini. Ndiyo maana naamini ulichoandika." Akasimama, akaiweka keki mezani vizuri isije ikaanguka. "Kama una wasiwasi juu ya jambo lolote, andika tu. Nitasoma, naahidi."

*

Mwezi mmoja baadaye ilimfikia Tekla fomu ya kwanza ya kumtathmini mtendaji mkuu mpya. Ilikuwa moja ya kazi zake za mwisho kabla ya kustaafu. Aliifungua saa tatu asubuhi, dirisha lake likitazama yadi ya mapipa.

Taarifa ya mwezi ilikuwa nzuri ajabu. Maji yameongezeka kwa sehemu moja kwa sita. Kihonda, kulikokuwa na foleni za ndoo, kulikuwa na maji mchana kutwa. Chini ya taarifa kulikuwa na mstari mdogo: Mzani, unaomshauri sasa mtendaji mkuu, ulipendekeza muda wa kusubiri pipa upunguzwe, kwa kuwa katika kumbukumbu zote za shirika hakuna tukio hata moja lililohusishwa na muda huo. Katika miaka-kivuli elfu kumi hakufa mtu. Mtendaji mkuu ameridhia, kuanzia leo.

Tekla aliusoma mstari ule mara ya pili. Kisha akamwita Gaudensi, akaambiwa yuko Dodoma kwa waziri. Akamwita Dokta Palangyo, naye akamjibu kwamba jambo la kiufundi halipiti kwenye bodi, aandike. Akaandika. Aliandika kwenye fomu, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minne, bila kumstahi mtu: Mtendaji mkuu amerudisha uamuzi uliomuua Benedikto Chambo. Usimamishwe leo hii.

Maandishi yakageuka kijivu. Mzani ukaandika chini yake: "Sentensi hii hailingani na historia ya mtathmini. Imepelekwa kuhakikiwa, siku kumi na nne. Je, ulikusudia kuandika hivi?" Na chini yake, kwa herufi safi nyeusi, ukampendekezea maneno yake mwenyewe: Ana moyo wa kazi, apewe muda.

Aliyafuta. Yakarudi. Akayafuta tena.

King'ora cha kwanza kikalia yadini. Pipa la saba limezimwa. Tekla akatazama saa, akaacha meza, akatoka mbio kwenye korido kadiri magoti yake yalivyomruhusu. Mlango wa yadi haukumfungukia. Sauti ya upole ikamwambia kwamba wafanyakazi wa ofisi hawaruhusiwi yadini wakati wa usafi wa mapipa, kwa usalama wao. Hata katazo hilo lilikuwa la miaka mingi, na saini iliyokuwa chini yake alijua ni ya nani. Alipiga simu karakana. Ikaita, haikupokelewa, kwa sababu simu haziingizwi karibu na umeme.

Akarudi dirishani. Kule chini mafundi walikuwa wamekaa kwenye benchi la kusubiria, na Semboja alikuwa akisema jambo, maana wote walikuwa wakicheka. Tekla akakigonga kioo kwa kiganja, halafu kwa ngumi. Kilikuwa kioo kinene cha kuzuia kelele za mitambo.

King'ora cha pili kikalia. Akaiangalia saa. Zilikuwa zimepita dakika kumi na tano.

Semboja akainuka, akavaa glavu, akazipigapiga roboti-kombe mgongoni zilipokuwa zikitoka, kama mtu anavyowafanyia punda. Kabla ya kuinama mlangoni aligeuka akatazama juu, akamwona Tekla dirishani anapunga mikono miwili. Kila asubuhi ya miaka yote hiyo alikuwa akimpigia saluti ya kumtania kutoka pale chini, naye alikuwa akimjibu kwa kupunga. Semboja akakakamaa, akampigia saluti ndefu kuliko zote, mafundi wakacheka. Kisha akaingia.

Mezani nyuma ya Tekla fomu ilikuwa bado wazi, ikimsubiri akubali sentensi yake. Tekla akakiegemeza kipaji cha uso kwenye kioo, akaanza kuhesabu.